Kusomea uzamivu wa theolojia ukiwa Mombasa: mwongozo kamili, tangu swali la utafiti hadi kutetea tasnifu

Mchungaji, padri au mwalimu wa chuo cha Biblia hapa Pwani akiamua kusomea udaktari, mara nyingi swali lake la kwanza ni, "Chuo gani kitanichukua?" Nashauri uanze kwingine. Ni jambo gani limekukereketa katika huduma, ukalisomea kadiri ulivyoweza, na hadi leo hujapata jibu lake? Swali hilo ndilo litakalokuonyesha msimamizi, msimamizi atakuonyesha chuo, na chuo ndicho kitakachoamua karo, lugha na miaka. Aliyetangulia kuchagua chuo hufika mwaka wa pili angali anatafuta la kuandika, na karo haimsubiri.

Maswali hayajaadimika huku kwetu. Mmishonari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Chuo Kikuu cha St. Paul's, ambacho leo wengi wanakijua kwa Limuru yake, kilianzia Frere Town, hapa hapa Mombasa, mwaka 1903 kabla ya kuhamishwa bara mwaka 1930. Misitu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008. Mwaka 2023, huko Shakahola katika kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa kwamba kujinyima chakula ndiyo njia ya kumwona Yesu. Anayesema Pwani haina la kuandikiwa tasnifu hajaitazama Pwani.

Kuliminya swali mpaka litoshe

Kazi hii ifanye kabla hujagusa fomu yoyote. Tuchukue mfano. Mtu anasema anataka kuandika juu ya "Ukristo na Uislamu Pwani." Hiyo si mada ya tasnifu, hiyo ni rafu nzima ya maktaba. Mwulize ni wapi hasa anapokutana na jambo hilo. Atakwambia: kwenye matanga. Baba ana watoto Waislamu na watoto Wakristo, akifariki, ndugu wanavutana. Wako wanaotaka azikwe siku ile ile kwa sanda, wako wanaotaka mwili ukae wasubiriwe walio mbali. Sasa tumepata pa kushika. Ukiendelea kuminya utafika hapa: "Katika jamaa za Likoni zenye Waislamu na Wakristo, maziko ya mzee wa familia huamuliwa vipi, na maamuzi hayo yanalidai nini kanisa katika mafundisho yake kuhusu wafu na ushirika wa waumini?"

Swali hilo lina mahali, lina watu, lina tukio linaloonekana, na lina upande wa theolojia. Upande huo wa mwisho ndio unaosahauliwa zaidi. Bila huo utakuwa umeandika sosholojia, nayo ni kazi nzuri, ila seminari itakuuliza theolojia iko wapi.

Baada ya kulipata, lipime. Nani ameshaliandikia? Soma tasnifu zilizowekwa mtandaoni na vyuo vya Kenya, fungua akaunti ya bure ya JSTOR, hifadhi ya mtandaoni ya majarida ya kitaaluma, tafuta katika Open Access Digital Theological Library. Watu wa kuhojiwa utawafikia? Lugha yao unaisema? Kama swali lako ni la historia, kumbukumbu ziko wapi? Sehemu kubwa ya karatasi za wamishonari wa CMS, chama cha kimishonari cha Kianglikana, waliohudumu Frere Town na Rabai imehifadhiwa Birmingham, Uingereza, na hilo peke yake linaweza kubadilisha bajeti yako. Karibu nasi kuna maktaba ya Fort Jesus na RISSEA, taasisi ya utafiti wa Uswahili iliyo chini ya Makavazi ya Taifa.

Shahada ipi hasa

Watu husema "udaktari" kana kwamba ni kitu kimoja. PhD ni shahada ya utafiti: unatakiwa utoe jambo jipya ambalo wasomi wenzako watalikubali baada ya kulipekua. DMin ni udaktari wa huduma. Umewekewa mchungaji aliye kazini, kwa kawaida mwenye MDiv, yaani uzamili wa huduma ya kichungaji, na miaka kadhaa ya utumishi, na kilele chake ni mradi unaofanyika ndani ya huduma yake mwenyewe. Vyuo vingi huiendesha kwa vipindi vifupi vya darasani, wiki moja au mbili kwa wakati, kisha unarudi usharikani. ThD, udaktari wa theolojia, ipo pia, na mara nyingi uzito wake hulingana na wa PhD.

Mimi sioni DMin kuwa ndogo. Mchungaji mwenye kanisa kubwa Kisauni anayetaka kurekebisha malezi ya vijana wake atafaidika nayo kuliko PhD. Lakini kama nia yako ni kuajiriwa kuwa mhadhiri wa chuo kikuu hapa Kenya, soko linadai PhD. Basi kabla ya kulipa hata shilingi, iandikie Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, uulize shahada unayoilenga itatambuliwa kwa kiwango gani. Taka jibu la maandishi.

Hapa pia niseme wazi kuhusu vyeti vya kununua. Kuna watu wanaozunguka na "udaktari wa heshima" wa kuuza, mahafali yanafanyika hotelini, joho linakodishwa, na Jumapili inayofuata bango la kanisa limeshabadilishwa. Chuo kisicho na maktaba, kisichokupa msimamizi mwenye jina na machapisho, kinachokuahidi udaktari kwa miezi michache, kikimbie. Waumini wetu wanastahili mwalimu ambaye cheo chake ni cha kweli.

Wapi pa kusomea

Kwa wengi wa Mombasa, Kenya yenyewe ndiyo njia ya kwanza kuangaliwa. Africa International University iliyoko Karen, ambayo zamani ilijulikana kama NEGST, ina historia ndefu ya uzamivu wa theolojia. St. Paul's iko Limuru. Wakatoliki wana Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, Lang'ata. Faida yake ni kubwa: unabaki karibu na uwanja wako wa utafiti na huhitaji viza. Madarasa yakiwa ya vipindi, unapanda treni Miritini asubuhi na alasiri uko Nairobi, au basi la usiku la Mwembe Tayari ikiwa mfuko haujakaa vizuri.

Ng'ambo ya Kenya, ujue kwanza kwamba mifumo inatofautiana. Marekani utasoma madarasa kwa takriban miaka miwili, ufanye mitihani mipana, ndipo uandike tasnifu. Ukihesabu yote, miaka mitano au sita ni ya kawaida. Uingereza karibu hakuna darasa: unaingia moja kwa moja katika utafiti, miaka mitatu hadi minne kwa anayesoma muda wote, na takriban mara mbili ya hiyo kwa anayesoma huku akifanya kazi. Oxford Centre for Mission Studies imejijengea sifa kwa kuwachukua watumishi wanaobaki nchini mwao wakiandika. Afrika Kusini inafanana na Uingereza, na wengi hupendelea huko kwa sababu ya karo. Ghana kuna taasisi ya Akrofi-Christaller, Akropong, iliyoanzishwa mwaka 1987, ambayo ukristo wa Kiafrika ndiyo kazi yake hasa.

Chuo chochote cha nje, kagua ithibati yake. Kwa seminari za Marekani na Kanada, chombo kinachoheshimiwa ni ATS. Kwa vyuo vya Biblia vya Afrika kuna ACTEA. Kisha rudi kwa CUE uhakikishe, maana ithibati ya huko na kutambuliwa huku ni mambo mawili.

Barua kwa msimamizi

Msimamizi mzuri hupokea barua pepe za waombaji kila wiki. Nyingi zinaanza na ushuhuda wa wokovu, zinaendelea na taabu za kifedha, na swali la utafiti halionekani popote. Yako iwe fupi. Utaiandika kwa Kiingereza, lakini mwendo wake uwe hivi:

"Mheshimiwa Profesa, mimi ni mchungaji na mwalimu wa Agano Jipya mjini Mombasa, nina shahada ya uzamili katika theolojia. Natafiti jinsi jamaa zenye Waislamu na Wakristo zinavyoamua maziko huko Likoni. Nimesoma makala yako kuhusu ibada za wafu, na hoja yako kwamba ibada hutangulia mafundisho imenisaidia, ingawa kwa familia ninazozijua naona mambo yakienda kinyume. Nimeambatisha kurasa mbili za wazo langu. Je, unachukua wanafunzi wapya mwaka ujao, na ungekuwa tayari kuzisoma?"

Tazama kilichofanyika. Amejitambulisha kwa sentensi moja. Ameonyesha kwamba amemsoma profesa na ana la kumwambia. Ameomba jambo dogo linaloweza kujibiwa kwa ndiyo au la. Hajaomba pesa. Ukikaa wiki tatu bila jibu, kumbusha mara moja kwa adabu, kisha mwandikie mwingine.

Ukijibiwa, zungumza na wanafunzi wake wa sasa. Waulize anachukua muda gani kurudisha sura aliyopewa, na ni wangapi wamemaliza mikononi mwake. Profesa mashuhuri asiyesoma kazi yako atakuchelewesha kuliko mhadhiri wa kawaida anayekurudishia maoni kwa wakati.

Makaratasi na kalenda

Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi ya uzamivu kati ya Desemba na Januari kwa masomo yanayoanza Agosti au Septemba. Kwa hiyo anza mwaka mmoja na nusu kabla. Nakala rasmi za matokeo ndizo hukwamisha watu, hasa kama chuo chako cha zamani kimebadilika jina au kimeunganishwa na kingine, kwa hiyo zifuatilie mwanzo kabisa. Pasipoti iwe na muda wa kutosha. Matokeo ya TOEFL au IELTS, mitihani ya Kiingereza, hudumu miaka miwili, usifanye mtihani mapema mno. Tena uliza kwanza kama unasamehewa kwa kuwa umesoma kwa Kiingereza.

Utaombwa sampuli ya maandishi. Peana sura bora ya tasnifu yako ya uzamili, iliyosafishwa upya. Mahubiri hayafai hapa, hata yawe yamegusa watu vipi.

Barua za mapendekezo: mbili angalau zitoke kwa waliokufundisha darasani. Barua ya Baba Askofu ina nafasi yake, lakini askofu atasema wewe ni mwaminifu na mchapakazi, ilhali kamati inataka kujua kama unaweza kujenga hoja na kuistahimili. Wape wanaokuandikia wasifu wako, wazo lako la utafiti na tarehe ya mwisho, na uwape mwezi mzima.

Halafu lugha. Biblia haisomwi kwa kiwango cha uzamivu bila Kiebrania na Kigiriki. Vyuo vingi vya Marekani na Ulaya huongeza Kijerumani au Kifaransa cha kusomea. Kwa anayetafiti Pwani, Kiarabu kinaweza kukufaa zaidi, na baadhi ya vyuo hukubali kubadilishana ukieleza sababu. Anza kabla hujaitwa, saa moja kila alfajiri.

Pesa, kanisa na nyumba

Langham Partnership, shirika lililotokana na kazi ya John Stott, na ScholarLeaders hufadhili uzamivu kwa watumishi wa kiinjili kutoka mataifa ya kusini, na hujali sana kwamba utarudi kufundisha nyumbani. Mapadri na watawa hupitia kwa askofu au shirika lao. Baadhi ya seminari hutoa karo kamili na posho kwa PhD, wakati mwanafunzi wa DMin mara nyingi hujilipia. Kwa viza ya F-1, ya mwanafunzi, ya Marekani lazima uonyeshe una pesa za mwaka wa kwanza. Ujue pia kwamba mwenzi wako akienda kwa F-2, viza ya familia ya mwanafunzi, haruhusiwi kufanya kazi. Familia iliyozoea mishahara miwili Mombasa itaishi kwa posho moja katika mji wa bei ghali, na jambo hilo lizungumzwe mezani na mama mchungaji, au mume, kabla ya kujaza fomu.

Kanisa lako nalo lipewe karatasi. Mapatano ya mdomo na baraza la wazee hayatoshi, kwa sababu viongozi huhamishwa na anayekuja hajui mlichoahidiana. Andikeni: unapewa likizo au unapunguziwa kazi, siku zipi za wiki ni za masomo, nani atashika mazishi na harusi siku hizo, mshahara utakuwaje, nyumba ya kanisa itabaki na nani, na ukimaliza utalitumikia kanisa kwa miaka mingapi. Sahihi ziwekwe, nakala moja ibaki kwenye faili ya dayosisi au makao makuu ya dhehebu. Nakala hiyo itawahudumia hata waumini wako, kwa maana watajua wa kumpigia simu wewe ukiwa maktabani.

Ukishaingia

Mwaka wa kwanza hupotea kirahisi. Panga kukutana na msimamizi kila mwezi hata kama huna jambo kubwa, na baada ya kila kikao mwandikie muhtasari: tumekubaliana hili, nitaleta lile tarehe fulani. Muhtasari huo utakuokoa msimamizi akibadilishwa. Weka marejeleo yako katika Zotero, programu ya kutunza marejeleo, tangu kitabu cha kwanza. Hifadhi kazi mahali pawili, mojawapo mtandaoni, maana umeme wetu mnaujua.

Mitihani mipana, kwa wanaoifanya, inapima kama unaujua uwanja wako wote na si kona yako tu. Kusanya maswali ya miaka iliyopita, yajibu kwa kuandika saa ikikwenda. Kwa mfumo wa Uingereza, mtihani wako ni kuthibitishwa kutoka MPhil, shahada ya utafiti iliyo chini ya PhD, kwenda PhD. Wengi wanauchukulia kama utaratibu tu wa ofisini, nao ndio mlango halisi wa shahada.

Pendekezo la utafiti likishatetewa, mwenye kutafiti watu hapa Kenya ana ngazi za kupanda kwa mpangilio. Kwanza ni idhini ya kamati ya maadili. Ya pili ni leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na utafiti, inayoombwa mtandaoni na kudumu mwaka mmoja. Leseni mkononi, jitambulishe kwa kamishna wa kaunti na ofisi ya elimu ya kaunti. Anayesoma nje ya nchi hasamehewi hatua hizi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo inakuhusu: sauti ulizorekodi na majina ya watu si mali ya kuacha wazi kwenye simu.

Mchungaji anayehoji waumini wake ana hatari ya pekee. Muumini atakwambia unalotaka kusikia, au hataweza kukataa kuhojiwa. Hoji watu wa sharika nyingine, au tumia msaidizi asiye na cheo juu yao. Kwa familia za Kiislamu usiende peke yako wala usiende na kola. Pitia kwa wazee wa mtaa na imamu, eleza kwa uwazi unatafiti nini, na kubali ukiambiwa subiri. Viongozi wa dini walio katika CICC, baraza la viongozi wa dini mbalimbali hapa Pwani, wamezoea mazungumzo ya aina hii na wanaweza kukuelekeza.

Mahojiano yatakuwa kwa Kiswahili, Kidigo au Kigiriama, na tasnifu itakuwa kwa Kiingereza. Nukuu maneno ya mtu kwa lugha yake kwanza, tafsiri ifuate, na yote mawili yaonekane kwenye tasnifu. Bibi akisema "marehemu hana dini, ana watoto," sentensi hiyo ikitafsiriwa peke yake msomaji hataonja uzito wake. Tenga muda: saa moja ya sauti hukula saa tano hivi za kuinakili.

Kuandika ni kila siku. Mtumishi aliye kazini anayesubiri wiki tupu hataipata, kwa sababu Mombasa watu wanafiwa, wanaoana na wanaugua bila kuuliza ratiba yako. Maneno 300 alfajiri, siku tano za wiki, yanajaza rasimu ya tasnifu ya maneno 80,000 kwa mwaka mmoja na kidogo. Anza na sura uliyo na data yake. Utangulizi uandike mwisho. Tafuta wenzako wawili watatu wanaoandika, hata wa fani nyingine, mkutane kusomeana. Upweke umewatoa wengi masomoni kuliko ugumu wa masomo yenyewe.

Vyuo vya Kenya pia hudai makala zilizochapishwa katika majarida ya kitaaluma kabla ya kuhitimu. Uliza ni ngapi siku ya kujiandikisha. Mapitio ya jarida huweza kuchukua mwaka, na wapo waliomaliza tasnifu wakakaa wakisubiri makala. Yaepuke majarida yanayokuahidi kuchapisha kwa wiki moja ukilipa.

Kutetea, na baada yake

Siku ya kutetea, watahini wameshaisoma kazi yako, na mmoja wao anatoka nje ya chuo. Watakuuliza umechangia nini kipya, kwa nini ulichagua njia hiyo, na mipaka ya matokeo yako iko wapi. Jizoeze kujibu la kwanza kwa dakika mbili bila karatasi. Usipojua, sema hujui, eleza ungelitafutaje. Vyuo vingi vya Afrika Kusini huchunguza kwa ripoti za maandishi, hapo huna nafasi ya kujieleza kwa mdomo, basi kila ufafanuzi uwe ndani ya kurasa.

Wengi hupita kwa sharti la masahihisho. Tengeneza jedwali: maoni ya mtahini upande mmoja, ulichobadilisha na ukurasa wake upande wa pili. Yamalize ndani ya muda uliopewa kabla ya kurudia ratiba nzima ya usharika, kwa sababu tasnifu iliyobakiza masahihisho ya wiki tatu inaweza kukaa kabatini miaka.

Aliyesoma nje apeleke vyeti CUE kwa utambuzi mara tu avipatapo, pamoja na nakala za shahada zote za awali. Nakala ya tasnifu ipelekwe NACOSTI, na nyingine ibaki maktaba ya Mombasa ambapo mwanafunzi wa hapa ataifikia. Kisha rudi kwa zile familia za Likoni. Waandalie kurasa kumi za Kiswahili, uwasomee mliyoyapata, na uwaachie nafasi ya kukwambia ulipokosea.